Kilo za mwanao, orodha ya shule na chati iliyokosewa

Jumanne ya wiki iliyopita nilitumiwa picha ya karatasi. Aliyeituma ni dada mmoja wa Tabata, msomaji wa ukurasa huu, na chini yake aliandika: "Mdogo wangu, ina maana mwanangu ana njaa ndani ya nyumba yangu na mimi sioni?"

Karatasi ilikuwa orodha ya darasa la tatu zima. Majina kushoto, kisha kilo, urefu, ile namba inayoitwa BMI, na mwisho safu ya maoni yenye rangi. Binti yake ana miaka 8. Alikuwa ameandikiwa kilo 25.4, urefu sentimita 131, BMI 14.8. Maoni: uzito pungufu, kwa rangi nyekundu.

Orodha haikuja kwenye bahasha. Iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, watu zaidi ya sitini, saa mbili usiku watu wakisubiri taarifa ya habari.

Nilipompigia nikakuta mambo yalishakwenda mbali, maana picha ilikuwa na wiki mbili. Uji ulishakuwa mara tatu kwa siku, wenye karanga, maziwa na sukari ya kutosha. Mama mkwe alishapiga simu kutoka Moshi kuuliza kama dada wa kazi anampa mtoto chakula au anakula yeye. Na kutoka duka la dawa la mtaani alishanunua dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku mbili kabla hajaniandikia, mwalimu alikuwa amempigia kumwambia mtoto analala darasani.

Nilimwomba kwanza aache hiyo dawa hadi mtaalamu amwone mtoto. Dawa nyingi za kuongeza hamu ya kula zinazouzwa madukani ni za jamii ya dawa za mzio, na kazi moja ambayo dawa hizo huifanya vizuri ni kuleta usingizi. Mtoto hakuwa mvivu.

Kisha nikarudi kwenye ile picha, nikaikuza, nikaanza kuhesabu. Watoto 43. Wenye rangi nyekundu, 40. Wenye kijani, watatu tu.

Ukiwa mzazi unatafuta jina la mwanao, unalisoma, moyo unashtuka, basi. Hutazami majirani. Lakini darasa ambalo watoto 40 kati ya 43 wana uzito pungufu lingekuwa habari ya ukurasa wa mbele, na hii ni shule ambayo watoto wanashushwa na magari asubuhi. Wazazi wengine kwenye kundi walikuwa wameshaanza kudai shule ibadilishe mchele na iongeze maziwa saa nne. Hakuna aliyeuliza namba zimesomwa kwa chati gani.

Zilisomwa kwa chati ya watu wazima.

BMI inapatikana kwa kuchukua kilo na kuzigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu ni ileile kwa mtoto na kwa babu. Maana ya jibu ndiyo inayobadilika. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi chini ya 25 ni kawaida, 25 kwenda juu uzito umezidi. Hizo ndizo namba zinazobandikwa kwenye kuta za hospitali na ndizo zinazotoka mtu akitafuta haraka mtandaoni. Mwalimu, au yeyote aliyetengeneza ile orodha, alizichukua akaziingiza kwenye kompyuta, na kompyuta ikapaka rangi bila kuuliza umri.

Mtoto hasomwi hivyo. BMI ya mtoto hupanda akiwa mchanga, hushuka anapoanza kukimbia, huwa chini kabisa karibu na miaka 5 au 6, kisha hupanda polepole hadi utu uzima. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lina chati za wasichana na za wavulana, kwa kila umri. Za watoto wa chini ya miaka 5 zilitolewa 2006, baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Za miaka 5 hadi 19 zilifuata 2007. Kwenye chati hiyo, msichana wa miaka 8 aliye katikati kabisa ana BMI ya karibu 15.7. Anahesabiwa kuwa mwembamba kupita kiasi akishuka chini ya takriban 13, na uzito unahesabiwa kuzidi akivuka takriban 17.7. Rudi sasa kwenye 14.8 ya binti wa Tabata. Hana tatizo.

Lakini hata hiyo 14.8 haikuwa sahihi, na hili nimejifunza kwa macho yangu. Alhamisi tulikwenda pamoja kituo cha afya, dada, mtoto na mimi. Afisa lishe akamvua mtoto viatu na sweta. Akamfungua nywele, kwa sababu zilikuwa zimesukwa na kukusanywa utosini kama fundo. Akamsimamisha kwenye ubao wa kupimia, visigino, makalio na mgongo vikigusa, macho mbele, akashusha kile kipande cha juu hadi kikabana kichwa. Sentimita 126.5. Kilo 24.8. BMI 15.5, karibu kabisa na katikati ya chati.

Sentimita nne na nusu zilizopungua zilikuwa za viatu na mtindo wa nywele. Shuleni, mtoto alituambia, walisimama ukutani wakiwa wamevaa vyote, mwalimu mmoja akishika futi ya fundi cherehani, mwingine akiita kilo kwa sauti ili wa tatu aandike. Mizani ilikuwa juu ya zulia la ofisi. Mizani ya nyumbani ukiiweka juu ya zulia haitulii, namba unazopata si za kuaminika.

Niseme tu kwamba hilo la kuita kilo kwa sauti lilinirudisha mbali. Nikiwa darasa la nne tulipimwa hivyohivyo, kwenye veranda, na mwalimu aliposoma kilo zangu mvulana wa nyuma akasema "sindano". Nilibaki Sindano hadi nilipomaliza la saba. Leo nacheka, ila wakati ule nilikuwa navaa sketi mbili.

Kwa hiyo mzazi anayeniuliza kama amkataze mwanawe kupimwa shuleni, namwelewa. Wengi wameniuliza tangu nianze safu hii. Hofu zao zinafanana: mtoto atataniwa, ataanza kujinyima au kulazimishwa kula, namba itasambaa, na mwisho wa yote lawama ataangushiwa mama. Maana kwetu mwili wa mtoto unasomwa kama ripoti ya mama yake. Mtoto mnene tunasema "ana afya". Mwembamba tunauliza "anaumwa?" mbele yake, sebuleni, akisikia.

Wasiwasi huu si wetu peke yetu. England wana mpango wa kitaifa ulioanza 2005 wa kupima uzito na urefu wa watoto mara mbili shule ya msingi: wanapoanza wakiwa na miaka 4 au 5, na mwaka wa mwisho wakiwa na 10 au 11. Sababu yao kubwa ni unene. Katika mwaka wa masomo 2022/23, watoto wenye unene uliokithiri walikuwa asilimia 9.2 ya waliokuwa wanaanza, na asilimia 22.7 ya waliokuwa wanamaliza. Wazazi kule nao walilalamika, hasa kuhusu barua zinazotumwa nyumbani. Wapo waliozichana kwa hasira kwamba serikali imewaambia mtoto wao ni mnene.

Kilichonivutia kwao ni utaratibu. Mzazi anaandikiwa kabla, na ana haki ya kukataa. Mtoto anapimwa faragha na mtu aliyefundishwa, akiwa amevaa nguo nyepesi bila viatu. Namba haitajwi mbele ya wenzake wala hapewi mwalimu. Ikitumwa, inatumwa kwa mzazi. Bado wapo wasioridhika, lakini angalau ugomvi wao hauhusu orodha kwenye kundi la wazazi.

Kwetu sababu ya kupima ni nzito kuliko unene. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka kwa sababu ya lishe duni au maradhi ya mara kwa mara. Udumavu hauonekani kwa jicho. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu, akacheza, akacheka, na jirani akadhani ana miaka 3 kumbe ana 5. Bila ubao wa kupimia na tarehe ya kuzaliwa, huwezi kujua.

Na sisi tuna pengo. Mtoto anapopelekwa kliniki kila mwezi kadi inajazwa vizuri, nukta baada ya nukta. Inafika miezi 18, anachomwa chanjo ya pili ya surua na rubela, na kadi inaingia kabatini chini ya vyeti. Utaratibu unasema aendelee kupimwa hadi miaka 5, lakini waulize akina mama kumi wa mtaani kwako. Baada ya hapo mtoto wengi wetu tunampima kwa sare: ikibana, amekua. Shule ndiyo mahali pekee ambapo watoto wote wanapatikana kwa pamoja. Hata zile dawa za kichocho zinapogawiwa, mtoto anasimamishwa kwenye ubao wenye alama ili urefu wake uonyeshe apewe vidonge vingapi. Kupimwa shuleni si jambo geni.

Kwa hiyo sitakuambia ukatae. Nitakuambia uulize kabla, na kama majibu hayapo, sema mwanao asubiri hadi yapatikane. Uliza nani anapima. Uliza wanapima wapi, na kama mtoto anayefuata kwenye foleni anaweza kusikia namba ya mwenzake. Uliza watavua viatu na sweta au la, na nywele zitafanywaje. Kwa wasichana wa darasa la tano kwenda juu, wapimwe na mwanamke, hilo halihitaji mjadala. Uliza chati wanayotumia, na jibu unalolitaka ni moja tu: ya umri na jinsia ya mtoto. Ukijibiwa "BMI ya kawaida", umeshapata jibu.

Na uliza matokeo yanakwenda wapi. Tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya na za watoto zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kundi la WhatsApp la darasa, lenye wazazi, walimu, mashangazi waliojiunga kwa niaba ya wazazi na namba mbili ambazo hakuna anayezijua, si mahali pake. Mzazi mmoja akimwandikia mwalimu mkuu kwa adabu kwamba orodha iondolewe na kila mtu apewe ya mwanawe, hajavunja adabu.

Jambo jingine dogo. Kama aliyekuja kupima shuleni anakuambia mwanao ana tatizo na papo hapo anafungua begi la virutubisho, chukua namba zako uondoke nazo, begi mwachie.

Tuseme sasa umepata namba iliyopimwa vizuri. Kipimo kimoja ni picha moja. Kinachosema zaidi ni mwendo: mtoto wa shule ya msingi kwa kawaida huongezeka kama sentimita 5 hadi 6 na kilo 2 hadi 3 kwa mwaka. Unaweza kufuatilia nyumbani kwa penseli kwenye fremu ya mlango, kila baada ya miezi mitatu au minne, bila viatu, na tarehe pembeni. Mtoto mwembamba ambaye alama yake inapanda kila mara, anayecheza na kula, mara nyingi ni mwembamba tu, kama baba yake alivyokuwa.

Ninachotaka kikukimbize kituo cha afya ni hiki: mtoto ambaye uzito umeshuka. Mtoto hatakiwi kupungua. Akipungua kwa wiki kadhaa na ana kikohozi kisichoisha, homa za jioni au jasho la usiku, achunguzwe kifua kikuu. Akipungua huku anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa sana, au ameanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha, apimwe sukari siku hiyohiyo. Kisukari cha watoto hakisubiri Jumatatu. Miguu ikivimba, hiyo nayo ni ya siku hiyohiyo, na usidanganyike kwamba amenenepa. Mtoto ambaye alama ya mlangoni haijasogea kwa mwaka mzima naye apelekwe, hata kama ana furaha.

Kwa aliyezidi uzito, wazazi huniuliza kama wampunguzie chakula. Mtoto anayekua hawekwi kwenye dayati ya mtu mzima. Mara nyingi lengo ni uzito utulie huku urefu ukiendelea, na unaanzia kwenye soda, juisi za pakiti, chipsi za kila jioni na saa za kukaa mbele ya runinga. Na mabadiliko yawe ya nyumba nzima. Ukimwekea yeye peke yake matembele wakati kaka yake ana chipsi mayai, amejua kwamba anaadhibiwa.

Mtoto akirudi na kusema "nimepimwa", asikutane na swali la kilo ngapi. Muulize ilikuwaje. Ukigundua kuna jina amepewa, liondoe nyumbani kwanza, maana mara nyingi "bonge" na "kimbaumbau" huanzia kwa wajomba kabla hazijafika darasani.

Dada wa Tabata alikwenda shuleni Ijumaa na karatasi ya afisa lishe mkononi. Anasema mwalimu mkuu alimsikiliza, akaita aliyetengeneza orodha, na wote wawili walikuwa hawajui kama watoto wana chati yao. Hawakuwa watu wabaya, walidhani wanasaidia. Picha imeondolewa kwenye kundi, na wameahidi kupima upya muhula ujao wakiwa na mtu wa kituo cha afya. Chupa ya dawa ameimwaga. Mtoto halali tena darasani, ingawa uji wa karanga amegoma kuuacha.

Lakini kuna wale watatu wa kijani. Ukiwasoma kwa chati ya watoto, wote watatu uzito wao umezidi, na mmoja, mvulana wa miaka 8, ana BMI ya 21, ambayo kwa umri wake ni unene uliokithiri. Mbele ya jina lake pameandikwa "kawaida", na mzazi wake bila shaka alilala vizuri usiku ule. Hata kama amepimwa na viatu, ni mtoto wa kupimwa tena vizuri, na haraka, kabla ya huo muhula ujao. Dada alimwonyesha mwalimu mkuu jina hilo kwa kidole. Leo asubuhi nimemuuliza kama kuna aliyempigia simu mama wa mtoto huyo. Amesema bado.